Hati miliki, hati ya kimila, leseni ya makazi au mkataba wa mtaa: ipi inakufaa?

Muuzaji akikwambia "karatasi zipo", mwambie azilete uzione kabla hujapoteza nauli ya kwenda kukagua kiwanja. Nimekaa miaka mingi nikiwasaidia watu kuandika na kusoma mikataba ya ardhi mikoa ya Pwani na Morogoro, na neno hilo "karatasi" limeshawaliza wengi. Ndani yake huingizwa vitu vinne tofauti kabisa: mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa au kitongoji, leseni ya makazi, hati ya hakimiliki ya kimila, na hati miliki yenyewe. Vyote vina mihuri, vyote vina saini, na mtu aliyebana fedha zake kwa miaka kumi akiona muhuri moyo unatulia.

Mimi huzipima kwa swali moja: jina la mwenye ardhi limeandikwa kwenye daftari gani, na daftari hilo linatunzwa na nani? Hati miliki imo kwenye daftari la Msajili wa Hati. Hati ya kimila imo kwenye masijala ya ardhi ya kijiji, na nakala yake iko wilayani. Leseni imo kwenye kumbukumbu za halmashauri ya mji. Mkataba wa mtaa haumo kwenye daftari lolote la umiliki. Mkibahatika, nakala yake imo kwenye faili la mtendaji. Karibu kila tofauti nitakayoieleza hapa inatokana na hilo.

Kwanza, unanunua nini?

Tanzania Bara hauuziwi udongo. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mkoloni Mwingereza ndiye aliyeanza kwa sheria ya mwaka 1923 iliyoweka ardhi mikononi mwa Gavana, na mwaka 1963 serikali ya uhuru ikafuta ule umiliki usio na ukomo uliobaki kwenye mashamba na viwanja vya wakati wa ukoloni. Tunachomiliki sisi ni haki ya kukaa na kutumia. Baada ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi ikisikiliza malalamiko ya ardhi, na baada ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, Bunge lilipitisha sheria mbili mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Zote zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na ndizo zinazotuongoza hadi leo, pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa hiyo haya ninayoyaeleza yasibebwe kuvuka maji.

Sheria hizo zinagawa ardhi makundi matatu: ardhi ya jumla, ambayo zaidi ni ya mijini, ardhi ya vijiji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya nchi, na ardhi ya hifadhi. Uliza kundi kabla ya kuuliza bei. Kama eneo ni hifadhi ya barabara, msitu wa hifadhi au ukingo wa mto, hakuna karatasi kati ya hizi nne itakayokuokoa. Na kama wewe si raia, hauwezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo wageni wana hisa nyingi inahesabiwa kama mgeni vilevile.

Mkataba wa serikali ya mtaa

Huu ndio tunaoufahamu wote. Karatasi ya mistari iliyochanwa katikati ya daftari la shule, au siku hizi fomu iliyochapwa steshenari. Jina la muuzaji, jina la mnunuzi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wawili wa kila upande, dole gumba la bibi asiyejua kusoma, muhuri wa bluu wa mwenyekiti. Kisha mipaka: "Kaskazini amepakana na Mzee fulani, kusini njia ya kwenda mtoni, mashariki mwembe." Nimewahi kusimama na mkataba wa namna hiyo mkononi, mzee ameshafariki, njia imehamishwa, na mwembe umekatwa kuni. Majirani watatu walionyesha mipaka mitatu.

Kisheria, karatasi hii ni makubaliano kati ya watu wawili. Inathibitisha kwamba fedha zilitoka kwako zikaingia kwake. Haithibitishi kwamba alikuwa na kitu cha kukuuzia. Mwenyekiti anayegonga muhuri anashuhudia kwamba mmeuziana mbele yake. Si msajili wa ardhi, na mara nyingi hajui kama shamba hilo ni la mirathi ambayo haijagawanywa. Na ile asilimia kumi inayotozwa mitaani kwa ajili ya muhuri haimo katika sheria hizo mbili za ardhi. Watu wanailipa wakidhani wamelipia usajili, kumbe hakuna kilichosajiliwa.

Nisiseme zaidi ya ukweli, lakini. Mtu mwenye ardhi ya asili asiye na karatasi yoyote si mvamizi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia. Babu yako aliyefyeka pori na kulima miaka hamsini ana haki kamili. Tatizo ni la mnunuzi. Babu ana kijiji kizima cha kumshuhudia, wewe uliyekuja Jumamosi na pikipiki una ile karatasi tu.

Kijijini kuna mtego mwingine, na huu ndio ulimnasa shangazi yangu. Alinunua ekari tatu upande wa Mkuranga. Mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, watu wakala pilau, shangazi akapanda mikorosho. Jambo hilo halikufikishwa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji. Miaka mitano baadaye akaja kaka wa muuzaji akidai lile lilikuwa shamba la familia. Mahakama ya Rufani imeshasema katika mashauri zaidi ya moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na kwa shangazi ikawa hivyohivyo. Aliamriwa kurudishiwa fedha zake, bei ileile ya miaka mitano nyuma, na mtu ambaye alishazitumia zote. Mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa.

Kwa hiyo kama umependa eneo ambalo lina mkataba tu, punguza bei uliyokuwa tayari kutoa, weka akiba ya upimaji, na fanya mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Ardhi ya kijiji: muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji uliosainiwa. Ardhi ya urithi: barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ile ambayo Mahakama ya Mwanzo huitoa kama Fomu namba 4, pamoja na saini za warithi. Muuzaji mwenye ndoa: ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi. Hili la mwisho wengi wanalidharau, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mabaraza ya ardhi yanazijua vizuri kesi hizo.

Leseni ya makazi

Hii ni ya mjini peke yake, kwenye maeneo yaliyojengeka bila kupimwa. Dar es Salaam ilianza kuzitoa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000 kwa wenye nyumba katika mitaa isiyo na ramani. Inakutambua kwamba wewe ndiye unayeishi hapo, inahuishwa kila baada ya miaka michache, na baadhi ya taasisi za fedha zimeipokea kwa mikopo midogo. Likija zoezi la fidia, mwenye leseni anaanza akiwa mbele ya jirani yake asiye nayo.

Lakini usilipe bei ya hati kwa leseni. Ni ruhusa ya muda, na thamani yake kubwa ni kwamba inakuweka kwenye foleni nzuri ya urasimishaji, yaani kuutambua rasmi mtaa uliojengeka bila kupimwa. Mtaa ukichorewa ramani ya mipango miji na viwanja vikapimwa, mwenye leseni anaweza kuendelea hadi hati miliki. Ukinunua nyumba yenye leseni, uliza kama mtaa huo umeshaingia kwenye urasimishaji na kama muuzaji ameshachangia gharama zake. Uliza pia kama leseni haijaisha muda. Nyingi nilizoziona zilikuwa zimekufa zamani, zimebaki kumbukumbu kabatini.

Hati ya kimila: usiidharau

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndiyo karatasi inayosingiziwa kuliko zote. Watu wa mjini huiita "hati ya kijijini", kana kwamba ni hati ya daraja la tatu. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi na nguvu sawa kwa kila hali na hakimiliki inayotolewa na Kamishna wa Ardhi, yaani hati miliki. Sawa kwa kila hali. Na kwa raia inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka, jambo ambalo hati miliki ya mjini haina.

Ili kijiji kiweze kutoa hati hizi kinatakiwa kwanza kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji kinachoonyesha mipaka yake, mpango wa matumizi bora ya ardhi, na masijala. Ndiyo maana vijiji viwili vilivyopakana vinaweza kuwa tofauti kabisa: kimoja kila kaya ina hati, kingine hakuna hata moja. Wilaya ya Mbozi ilikuwa ya kwanza kujaribiwa. Baadaye MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, iliingia Handeni na kwingineko, na Kilombero, Ulanga na Malinyi zikapitiwa na programu ya umilikishaji ya Wizara ya Ardhi.

Zoezi lenyewe ni zuri kuliona. Wahakiki waliochaguliwa na kijiji wanatembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani zake wote. Mmoja ameshika kifaa cha GPS cha kusoma majira ya nukta ya kila kona, mwingine anaandika fomu, na jirani anasimama kwenye kona anasema "hapa ndipo", kisha anasaini. Kamati ya uhakiki ina wajumbe tisa, na wasiopungua wanne lazima wawe wanawake. Mkikubaliana mpaka hapo shambani, mbele ya watu waliowafahamu baba zenu, ugomvi wa baadaye unapungukiwa nguvu mapema. Hati inachapwa nakala tatu: ya kwako, ya kijiji, ya wilaya. Gharama yake kwa kawaida ni ndogo sana ukiilinganisha na kupima kiwanja mjini.

Mapungufu yake nayo yapo, na ni ya kweli. La kwanza ni benki. Sheria inaruhusu uiweke rehani, na zipo benki zilizokopesha kwa hati hizi, lakini maofisa wengi wa mikopo bado wanasitasita, kwa sababu wakija kuliuza shamba lako mnunuzi anatakiwa apitie kijijini. Hilo ndilo pungufu la pili: hauuzi kwa mtu yeyote unayemtaka. Halmashauri ya kijiji inatazama kama mnunuzi ni raia anayeishi au anayekusudia kuishi au kufanya kazi pale. Kwangu mimi kizuizi hiki kimeokoa mashamba mengi kuliko yale kiliyoyakwamisha, lakini kama unanunua ili uuze mwaka ujao kwa faida, kitakusumbua.

La tatu ni mji unaokua. Kijiji kikitangazwa eneo la mipango miji, utawala wa ardhi unahama kutoka kijijini. Haki yako haifutiki, ila utahitaji kupimwa upya na kubadilisha. Ukinunua shamba kilomita chache kutoka barabara kuu inayokimbiliwa na wajenzi, uliza halmashauri ya wilaya kama kuna mpango kama huo.

Kwa wanawake, hati hii imebeba mabadiliko makubwa. Sheria inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi, na halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kumbagua anapoomba. Ninapokutana na mume na mke wanaojaza fomu, huwaambia waandike majina yote mawili. Fomu inayo nafasi hiyo.

Hati miliki

Kama ni kiwanja cha mjini cha kujenga nyumba ya kuishi au ya biashara, hii ndiyo ya kuitafuta, na kwa nyongeza yoyote ya bei inayoweza kuvumilika. Inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Eneo limepimwa, lina bikoni, yaani alama za mipaka zilizosimikwa na wapimaji, zenye namba, lina namba ya kiwanja na kitalu, lina ramani ya hati. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba mwenye cheti cha umiliki anachukuliwa kuwa mmiliki halali hadi ithibitike kwamba alikipata isivyo halali. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayekupinga. Kwa mkataba wa mtaa mzigo huo unaubeba wewe.

Uzuri wake mkubwa ni upekuzi. Unapeleka nakala ya hati ofisi ya ardhi ya mkoa, unalipa ada, unapata majibu ya maandishi: jina la mmiliki, muda uliobaki, kama ipo rehani, kama kuna zuio lililowekwa na mtu anayedai maslahi. Usiukubali upekuzi uliofanywa na dalali au na muuzaji mwenyewe. Nenda kwa miguu yako. Nimeona hati nzuri kabisa, yenye karatasi nzito na muhuri wa moto, ambayo daftarini haikuwepo. Nimeona na halisi ambayo ilikuwa imeshawekwa rehani benki, mwenye nyumba ameshika nakala ya rangi.

Ina gharama na masharti. Kila mwaka unalipa pango la ardhi, na ukilimbikiza deni milki inaweza kufutwa. Hati inataja matumizi: kiwanja cha makazi hakigeuki baa kwa sababu umetaka. Inakutaka uendeleze ndani ya muda. Kuhamisha umiliki kunahitaji mkataba ulioandaliwa na wakili, fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa, kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kisheria kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwenye mazungumzo ya bei, wauzaji wengi huitupia kwa mnunuzi, kwa hiyo liandikeni kabla ya kushikana mikono. Na mpaka uhamisho usajiliwe, bado wewe una mkataba tu. Watu wanakaa miaka na hati yenye jina la muuzaji ndani ya sanduku wakidhani wamemaliza, siku muuzaji akifariki wanaanza kuwatafuta warithi wake.

Kuhusu "ofa", ile barua ya toleo: ni hatua ya kuelekea hati. Viwanja vingi vya Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, Mbweni, Bunju, Toangoma, Kibada na kwingine, vilizunguka mikononi mwa watu kwa ofa peke yake. Ukikutana nayo, mwache muuzaji aimalizie hati kwa jina lake kwanza, ndipo akuhamishie.

Nikiulizwa mimi

Kwa nyumba ya mjini, afadhali kiwanja kidogo chenye hati kuliko kikubwa chenye mkataba. Kwa shamba la familia kijijini, hati ya kimila, bila kusita, na sioni sababu ya kumsukuma mkulima mwenye ekari nne aende kutafuta hati miliki kwa gharama za kumfilisi. Kwa aliyekwisha kujenga mtaa usiopimwa, leseni leo na urasimishaji kesho. Kwa anayetaka kuwekeza shamba kubwa la kibiashara lenye mkopo mzito wa benki, hati miliki ndiyo njia, na ajue kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kunapitia mkutano wa kijiji na ngazi za juu zaidi. Anayekuahidi kuimaliza kwa wiki mbili anakudanganya. Mkataba mtupu nauchagua pale tu ambapo mambo yale matatu yamekamilika na ninajua lini na kwa fedha gani nitaupandisha.

Mgogoro ukitokea, njia hazilingani pia. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu wanawake, kazi yake kusuluhisha. Baraza la Kata tangu marekebisho ya 2021 nalo linasuluhisha tu. Hukumu inaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikae na kinyongo: madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Shangazi alinunua tena, ekari moja na nusu, kijiji kingine chenye masijala. Safari hii alikaa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji akaulizwa atalima nini, akasubiri muhtasari ndipo akalipa, akatembea mpaka na majirani wanne. Hati ilipotoka ikawa na majina mawili, la kwake na la binti yake. Aliichukua, akamwomba mtendaji afungue daftari, akasoma mstari wake kwa kidole, neno kwa neno, namba ya hati hadi jina la mwisho.